Harambee ya Maabara: Tuwasaidie Vijana Waone Damu Inavyotembea

Ndugu wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na marafiki wa shule,

Klabu ya sayansi inawaomba mkono. Tunataka kujenga katika maabara yetu mtambo mdogo wa kuonyesha mwendo wa damu kwa mwanga. Utaunganishwa na wanafunzi wenyewe, kipande kwa kipande, wakisimamiwa na walimu.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena sehemu inayofanya kazi huongezewa damu pale pale, jambo ambalo wanasayansi Roy na Sherrington walilieleza tangu 1890. Mshipa ukiziba, seli huanza kufa baada ya dakika chache, na hiyo ni aina mojawapo ya kiharusi. Wanafunzi wetu wanayajua haya kwa kukariri. Mchoro wa rangi nyekundu na buluu, maswali mawili ya mtihani, basi.

Kumbe mwendo huo unaweza kuonekana. Leza, yaani taa ya mwanga mwembamba wa rangi moja, ikimulika tishu, mwanga unaorudi huwa na madoadoa. Chembe nyekundu za damu zikipita, madoadoa hayo hutikisika, na kamera inayokusanya mwanga kwa milisekunde chache hunasa ukungu, yaani picha isiyo kali, pale damu inapokwenda kasi. Kompyuta hupima ukungu huo kwa vijisehemu, kwa mfano pikseli (nukta za picha) 7 kwa 7, kisha huchora ramani. Watafiti Fercher na Briers walitangaza mbinu hii mwaka 1981 wakichunguza jicho; kufikia 2001, watafiti wengine, Dunn, Boas na wenzao, walikuwa wakichora kwayo ramani za damu kwenye ubongo wa wanyama wa maabara.

Leza haioni kupitia fuvu zima la mtu. Hapo huingia mwanga wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho, ambao mtafiti Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kwamba hupenya hadi kwenye ubongo ulio hai. Himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni katika damu, ikiwa na oksijeni na ikiwa haina, hufyonza mwanga huo kwa viwango tofauti, kwa hiyo mwanga wa urefu wa mawimbi wa aina mbili unatosha kuzitenganisha. Kasoro yake ni kwamba mwanga hufika tabaka la juu la ubongo tu, na damu ya ngozi huvuruga kipimo. Suluhisho ni kuweka sensa mbili, vifaa vya kupokea mwanga, kwenye paji la uso: moja sentimita 3 kutoka kwenye taa, nyingine karibu kabisa, inayosoma ngozi pekee. Kipimo cha ngozi huondolewa kwenye kile cha mbali. Sisi walimu tunaona hilo ni somo zuri la hesabu kuliko mengi tunayofundisha.

Katika mtambo wetu, leza itamulika viganja tu, kamwe si vichwa wala macho. Mkono utabanwa kidogo kwa mkanda wa kupimia presha, na wanafunzi wataona ramani ikibadilika damu inapozuiwa na inapoachiliwa. Mtambo huu ni wa kufundishia. Hautampima mgonjwa yeyote, na tafadhali msituletee jamaa zenu.

Hitaji la kwanza ni kamera ya rangi moja ambayo muda wa kupokea mwanga unapangwa kwa mkono. Kamera zinazojirekebisha zenyewe zinaharibu hesabu yote. Zinafuata miwani ya kinga, leza ya nguvu ndogo, taa za infraredi na sensa zake. Leza haitanunuliwa kabla miwani haijafika. Hilo halina mjadala.

Michango ya fedha ipokelewe na mhasibu wa shule, na kila mchangiaji adai risiti. Asiye na fedha lakini anajua kulehemu waya au kuandika programu, atupe Jumamosi moja au mbili. Mwenye kompyuta mpakato ya zamani inayowaka bado, ailete ofisini, pamoja na chaja yake.