CD4 kutopanda si ushahidi kwamba mtu hamezi dawa

Ndugu Mhariri,

Nalinunua gazeti lenu miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipoboronga mambo ya maabara, kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari ya ukurasa wa afya, yenye picha ya kiganja kilichojaa vidonge, ilimpa nafasi mtaalamu wenu kutuambia kwamba mwenye VVU ambaye CD4 zake, zile chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, hazipandi baada ya mwaka mzima wa ARV, huyo hamezi. Basi, imeisha. Mwandishi wenu hakuuliza hata swali la pili.

Mimi ninalo. Mdogo wangu alianza dawa zamani, si muda mrefu baada ya serikali kuanza kuzitoa bure mwaka 2004, enzi za kidonge kile cha stavudini, lamivudini na nevirapini. Baadaye akahamishiwa TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, kama wenzake. Ujana wake wote ameumalizia ziwani, Ukerewe, akivua. Mwaka jana nilimsindikiza kliniki. Muuguzi, binti mdogo tu, alitupa shikamoo nzuri kabisa, akafungua faili, akaona CD4 mia mbili na kitu, na heshima ikaishia hapo hapo. Mbele ya foleni nzima, sauti juu: “Mzee, vidonge unavipeleka wapi?” Mtu mwenye wajukuu! Majibu ya wingi wa virusi yalikuwa ndani ya faili lile lile, karatasi ya pili yake, yameandikwa kwamba virusi havionekani. Nikamwuliza binti yule, asiyemeza dawa anawezaje kuwa na virusi visivyoonekana? Nikajibiwa, mama, tulia, hapa tunafuata utaratibu. Mdogo wangu akapangiwa vikao vya ushauri nasaha kuhusu ufuasi wa dawa, akafundishwe kumeza, na kila kikao akaambiwa aje na mtu wa kumsimamia. Alirudi nyumbani hasemi na mtu. Wangapi wamefanyiwa hivyo wakaona bora wasirudi tena kliniki? Halafu wakitoroka mnawaita watoro.

Jioni ile nilimlaza chali nikambonyeza chini ya mbavu za kushoto. Bandama hilo, limevimba! Tukaenda kupiga picha ya ultrasaundi kwa fedha yetu, tukapima homa ya ini B kwa fedha yetu vilevile. Ini lina makovu, limeanza kusinyaa, na kipimo kikasema anacho kirusi. Miaka yote hiyo ya kadi, mizani na sindano za kutoa damu, kipimo hicho hakuna aliyekiandika.

Sasa mwambieni mtaalamu wenu. Ini likijaa makovu, damu inayotoka tumboni haipiti sawasawa, inasukuma nyuma, bandama linavimba. Bandama lililovimba linazuia chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisizunguke, kama mazao yaliyofungiwa ghalani. CD4 ni miongoni mwa hizo chembe nyeupe. Ukitoa damu mkononi ukahesabu, utapata chache hata kama mwili unazitengeneza. Ndiyo sababu sisi wa zamani tulikuwa tukiangalia na asilimia ya CD4 kati ya chembe nyeupe za aina ya limfosaiti, siyo idadi peke yake, maana bandama huzifungia zote pamoja. Ya mdogo wangu ilikuwa 28, ambayo haiendani kabisa na mia mbili ile. Huku Kanda ya Ziwa kichocho cha tumbo nacho huvimbisha bandama, kwa hiyo muuguzi wa huku ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kulishuku.

Wala jambo lenyewe si geni. Mwaka 2000 watafiti wa Uswisi walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa zaidi ya 3,000: waliokuwa na VVU pamoja na homa ya ini C, CD4 zao zilipanda kwa kusuasua kuliko za wenzao, hata virusi vya UKIMWI vilipodhibitiwa. Tafiti nyingine za Ulaya zilizofuata hazikuona tofauti hiyo, na wataalamu wakabishana. Wabishane, ndiyo kazi yao. Lakini hakuna upande uliosema mgonjwa ni mwongo.

Na mngeuliza, mngeambiwa pia kwamba mambo huweza kwenda kinyume. Mtu mwenye homa ya ini B anaanza ARV, kinga inaamka, inakikuta kirusi kimejaa kwenye ini na kuanza kupigana nacho. Macho yanageuka manjano, majirani wanasema dawa zimemharibu, naye anaziacha. Hapo ndipo hatari inapozidi, maana ndani ya TLD tenofovir na lamivudini zinazuia pia kirusi cha homa ya ini B. Ukizikata ghafla, kinalipuka. Lamivudini peke yake, ile waliyokuwa nayo watu wa 2004, kirusi hicho huizoea baada ya miaka kadhaa. Halafu habari yenu ikamalizia kwa kuzishangilia sindano za kabotegravir na rilpivirini, zinazochomwa badala ya vidonge vya ARV, bila kugusia kwamba hazina nguvu yoyote juu ya homa ya ini B. Atakayehamishiwa huko bila kupimwa ini, tutamlaumu nani? Tutasema hakumeza sindano?

Jambo jingine, mradi nimeshaanza. Chini ya habari hiyo hiyo mmeweka tangazo la dawa ya kusafisha ini kwa siku saba, na muuzaji huyo huyo anatibu nguvu za kiume na kumrudisha mpenzi aliyekimbia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B. Hao ndio wateja wa matangazo kama hayo, na baadhi ya michanganyiko hiyo ya mizizi inaliharibu ini hilo hilo. Mdogo wangu amekatiwa lile tangazo na shemeji yake, kwa mapenzi tu, akaletewa na chupa. Nimeimwaga chooni.

Ushauri wangu hauna gharama kubwa. Kwenye kadi ya kliniki, pembeni ya kisanduku cha uzito, kiongezwe kisanduku cha homa ya ini B na C, na kisiachwe kitupu mpaka mwenye kadi apimwe bure kama anavyopimwa VVU. Muuguzi akiona CD4 hazipandi, kabla hajafungua mdomo, afungue vifungo viwili vya shati la mgonjwa na kubonyeza upande wa kushoto. Bandama asipolijua, yeye ndiye apangiwe vikao, tena aje na msimamizi. Na lile tangazo la kusafisha ini, kama fedha yake mnaihitaji kweli, lihamishieni ukurasa wa vichekesho.

Mstaafu wa maabara,
Nyegezi, Mwanza