Tumbo likipasuliwa bila kukutwa kizuizi

Mhariri,

Dada yangu amepasuliwa tumbo mara mbili kwa madai kwamba utumbo umeziba, na mara zote mbili njia ikakutwa wazi. Eksirei zake ukiziinua dirishani utaona utumbo umefura, maji na hewa vimejipanga ngazi kwa ngazi, kama za mtu aliyeziba kweli. Alishonwa, akaambiwa ana mawazo mengi. Shangazi akataka tumpeleke kwa mganga, na simlaumu, maana hospitalini hatukupewa hata jina la ugonjwa.

Hali hii, utumbo kuonekana umeziba ilhali njia iko wazi, huitwa kuziba bandia kwa utumbo (kwa Kiingereza, intestinal pseudo-obstruction). Ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli, na katikati yake mtandao wa neva unaoamuru huku kubane, kule kulegee, chakula kisonge. Neva zikiharibika, misuli hubana kwa nguvu zake za kawaida lakini kila sehemu kivyake. Misuli yenyewe ikiharibika, mpangilio upo ila nguvu hakuna. Zipo pia seli zinazotoa mdundo, zenye jina la Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906; nazo zikipungua, utumbo husimama. Wengine huzaliwa na kasoro hizi. Wengine huzipata kutokana na kisukari, skleroderma (ugonjwa unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani), ama saratani ya mapafu inayoufanya mwili ushambulie neva zake wenyewe. Na dawa za maumivu za jamii ya mofini, ambazo mgonjwa anayelia tumbo hupewa haraka, huuzubaisha utumbo zaidi.

Ombi langu kwa madaktari wa upasuaji ni hili: ukishafungua tumbo na usione kizuizi, kata kipande kidogo cha ukuta mzima, chenye misuli na neva zake, kiende maabara ya patholojia. Kile kinachonyofolewa kwa endoskopi ya kawaida, ule mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni bila kupasua, ni utando wa ndani tu. Dada hakukatwa hata kimoja, na sasa tunatajiwa upasuaji wa tatu! Kila upasuaji huweza kuacha makovu yanayogandisha utumbo, na hayo huweza kuuziba kikweli. Hapo nani atajua kipi ni kipi?

Najua mara nyingi ugonjwa huu hauponi. Lakini kuna chakula laini kisicho na mafuta mengi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kuna viuavijasumu vya kupunguza bakteria wanaozaliana pale chakula kinapokwama, na kuna dawa za kuchochea utumbo ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Hayo yote huanza na daktari kuandika jina la ugonjwa kwenye faili.

Ndugu wa mgonjwa,
Kayole, Nairobi