Print Spooler ikizima kila ukiiwasha, usikimbilie kununua printa

Ndugu mteja, printa nyingi tunazoletewa kwa maelezo kwamba zimekufa huwa ni nzima. Wino upo, karatasi inavutwa, taa inawaka kijani. Kilicholala ni huduma ya Windows iitwayo Print Spooler, ile inayopokea kazi za kuchapa kutoka Word au Excel, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa moja baada ya nyingine. Ikizima, kompyuta hudai haina printa kabisa.

Wengi wenu mnajua kufungua services.msc, yaani dirisha la orodha ya huduma za Windows, kutafuta Print Spooler na kubofya Start. Inawaka, mnatuma ukurasa, inazima tena. Kuendelea kubofya hakusaidii. Kuna kitu kinachoiangusha, na kitu hicho kinatafutika.

Anzeni na foleni yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, au flashi ikichomolewa hati ikiwa bado inasomwa, kazi ile inaweza kubaki kwenye diski ikiwa imeharibika. Spooler ikiamka inaisoma upya, inaanguka upya, ndiyo maana hata kuzima kompyuta na kuiwasha hakubadilishi kitu. Simamisha huduma kwanza kwa Stop. Kisha fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kubali ombi la ruhusa ya msimamizi, na ufute faili zilizomo, zile zinazoishia na .SPL na .SHD. Folda yenyewe iache. Halafu bofya Start. Tunajua watu huogopa hatua hii, hasa walimu wenye mitihani ya kuchapa, lakini kinachofutwa ni nakala iliyokuwa njiani kwenda kwenye printa tu. Hati yako iko palepale ulipoihifadhi.

Ikiwa bado inaanguka, mshukiwa wetu wa pili ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa. Fungua Event Viewer, ambako Windows huandika kumbukumbu za matukio yake, ingia Windows Logs, kisha Application, utafute tukio namba 1000 linalotaja spoolsv.exe. Soma mstari wa Faulting module name. Hapo huandikwa faili iliyokuwa ikitumika wakati wa kuanguka, na mara nyingi ni faili ya draiva ya printa, pengine printa uliyokwisha kuiuza zamani! Kuiondoa printa kwenye Settings hakuiondoi draiva yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika printui /s /t2, chagua draiva hiyo na uiondoe pamoja na kifurushi chake. Mpya ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa. Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mkupuo mmoja hatuzishauri hata kidogo.

Ukibofya Print Spooler mara mbili kwenye services.msc, kuna kichupo cha Recovery ambako unaweza kuiagiza Windows iiwashe huduma yenyewe kila ikianguka. Kinafaa kwa ofisi isiyoweza kusubiri fundi, lakini hakigusi faili mbovu wala draiva mbovu.

Kama Start yenyewe haibofyeki, tazama Startup type kwenye dirisha hilohilo, yaani namna huduma inavyowashwa. Mwaka 2021, udhaifu wa kiusalama uliopewa jina PrintNightmare ulipogundulika, Microsoft ilitaja kuzima Print Spooler kuwa njia mojawapo ya kujikinga, na zipo kompyuta zilizoachwa kwenye Disabled, yaani huduma imezuiwa isiwake. Irudishe Automatic, lakini hakikisha kwanza masasisho ya Windows yameingia. Na tafadhali, usifute masasisho ya usalama ili tu uweze kuchapa.

Mkikwama, tuleteeni kompyuta. Printa iacheni nyumbani kwanza. Tunachohitaji ni picha ya stika yenye jina la modeli, ambayo huwa nyuma au chini ya printa.