Risala ya Vijana Mafundi Chokaa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheikh zetu, walimu wetu na wazee wote mliofika, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunashukuru sana umekuja, tunajua una mambo mengi.

Mheshimiwa, sisi tumemaliza mafunzo ya uashi wa chokaa hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na kinachotuuma ni misikiti mipya. Saivi mtu akitaka kujenga mskiti anamuonesha fundi picha kwenye simu, kuba la dhahabu, minara minne, vioo kila upande, anasema nataka kama huu, na ukishajengwa ndani joto mpaka feni zizunguke siku nzima, umeme ukikatika watu wanasali jasho linawatiririka. Hatusemi kuba ni baya, ila kwetu hapa mskiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu ya zamani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yamechongwa kwenye matumbawe, na misikiti yetu mingi ya zamani haikuwa na mnara kabisa, muadhini alipanda juu ya paa akaadhini. Sasa iweje tuone aibu na vya kwetu?

Wazee walijua wanachofanya. Kuta nene za mawe na chokaa zinachelewa kushika joto, na chokaa inapumua, yaani inaruhusu unyevu utoke. Ukiipiga saruji juu yake unyevu na chumvi vinakwama ndani, mvua zikipita plasta inabanduka mapande mapande na ukigusa ukuta unabaki na unga mweupe vidoleni, hilo tumeliona kwa macho yetu humu humu mitaani.

Na si kwamba turudi kila kitu nyuma. Matumbawe hai hatutaki yakatwe baharini, na mikoko nayo ndo inalinda fukwe zetu, tena boriti zake za dari ni fupi, ndo maana vyumba vya zamani vyembamba, kwa hiyo pakitakiwa ukumbi mpana zege litumike. Kule Dhaka, Bangladesh, msanifu Marina Tabassum alimaliza mskiti wa Bait ur Rouf mwaka 2012 kwenye kiwanja alichotoa bibi yake, hauna kuba wala mnara, nguzo ni za zege lakini kuta za matofali ya kuchoma kama misikiti ya masultani wa Bengal, upepo unapita kwenye matundu ya matofali na mwanga unadondoka kutoka vitobo vya dari mpaka kwenye safu za wanaosali. Mwaka 2016 ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Na sisi tunaweza wallahi!

Ombi letu mheshimiwa, kamati za misikiti zikae na mafundi chokaa kabla ramani haijapitishwa, sio baadae tunaitwa kuziba nyufa. Pia tunaomba utusaidie kupata eneo la kuchimba shimo la kulowekea chokaa, maana inataka ikae muda mrefu ndo iwe laini, na hapa tulipo hatuna pa kuiweka.

Wabillahi tawfiq.