Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo chetu: turudishieni somo la pamoja

Kwako Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha hazijibiwi. Niliziandika kwa adabu, nikazipitisha kwa mkuu wa idara kama utaratibu unavyotaka, nakala zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ninao, jibu sina. Kisha wiki iliyopita tukakuta karatasi kwenye ubao wa matangazo, jirani na dirisha la mhasibu: somo la pamoja na vyuo vya nje "limeahirishwa hadi mtakapotangaziwa tena". Mstari mmoja na sahihi. Hakuna sababu, hakuna tarehe, hakuna hata pole.

Mwaka wa kwanza wa sasa hawakuwepo, kwa hiyo naomba nirudie ulichotuahidi. Siku ya kutupokea ulisimama ukumbini ukasema fani ya taarifa za afya haiishii mpakani, na kwamba sisi tutakaa darasa moja kwa njia ya mtandao na wanafunzi wa Uganda, Kenya na Ulaya, tufanye kazi za vikundi pamoja na tusahihishwe kwa kipimo kimoja. Wazazi walipiga makofi. Mama yangu alikuwepo. Kwa maneno yale yale alikubali kuuza injini ya mtumbwi aliyoacha marehemu baba ili nilipiwe ada. Kwenye fomu ya malipo kulikuwa na mstari wa mchango wa mafunzo ya mtandaoni, nasi tumeulipa kila muhula bila kukosa. Mwanzo tukaambiwa vifaa havijafika. Baadaye mwalimu mratibu amehama. Baadaye ikawa bando. Tumepigwa kalenda mpaka tumefika mwaka wa tatu.

Nikueleze kilichonikuta fildi, uone kwamba sidai somo hili kwa ajili ya cheti cha kubandika ukutani.

Nilipangiwa kituo cha afya kwenye kisiwa kimoja huko Ukerewe. Asubuhi moja akaja kijana mvuvi ambaye kambi yao ilikuwa imehama kufuata dagaa, wametokea upande wa Uganda. Alikuwa na kadi yake ya kliniki ameifunga kwenye nailoni. Wino ulikuwa umesambaa pembeni, lakini katikati inasomeka: namba ya mgonjwa, tarehe aliyoanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na herufi TDF/3TC/DTG, yaani majina ya dawa hizo kwa kifupi. Kwenye dawa hapakuwa na shida. Mchanganyiko huo ndio tunaotumia na sisi, nesi aliusoma mara moja na kopo likatoka kabatini. Shida ilianza tulipofika kwenye kompyuta. Namba ya Uganda haikuwa na pa kuingia. Kituo alichotoka hakikuwemo kwenye orodha. Barua ya uhamisho hana, na nani anaomba barua ya uhamisho saa nane za usiku mtumbwi ukiwa tayari majini? Mwisho akaandikishwa kama mteja mpya, kana kwamba ameanza dawa siku ile.

Fikiria kilichotokea hapo, Mkuu. Huko alikotoka, tarehe zake zikipita atahesabiwa miongoni mwa waliopotea kwenye matibabu, na mhudumu wa jamii atatumwa kumtafuta mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Huku kwetu ameongeza idadi ya walioanza dawa. Mtu mmoja anayemeza dawa zake kila siku amezaa takwimu mbili za uongo katika nchi mbili, na majibu yake ya vipimo vya wingi wa virusi yamebaki ng'ambo. Nesi akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Wenzetu wa Uganda wanaandikaje, na sisi tuoanishe vipi?" Hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha hata fomu moja ya Uganda. Nilibaki nimeshika ile kadi.

Darasani kwetu, kinachoitwa mtazamo wa kimataifa ni slaidi za Marekani. Tumekariri HIPAA, sheria yao ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, na ikaja kwenye mtihani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipitiwa juujuu mwishoni mwa kipindi. Za Kenya na Uganda, zote mbili za mwaka 2019, hazikutajwa kabisa. Sasa yule kijana, kadi yake iko chini ya sheria ya Uganda na taarifa zake mpya ziko chini ya sheria ya Tanzania. Nani anaruhusiwa kumtumia nani majibu yake? Kwa idhini ya namna gani, na itunzwe wapi? Mtu atakayeajiriwa kuanzia Musoma mpaka Bukoba atakutana na swali hilo kabla hajamaliza mwezi wa kwanza kazini.

Nchi zote tatu za Ziwa Victoria zinatumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya. Mizizi ya mfumo huo ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya ikaueneza nchi nzima mwaka 2011. Programu ni moja, lakini kila nchi imepanga viashiria vyake, makundi yake ya umri na orodha yake ya vituo. Hayo huyapati kwa kusoma mwongozo wa MTUHA, mfumo wetu wa kitaifa wa taarifa za afya, peke yake. Unayapata ukiwa kikundi kimoja na mwanafunzi wa Kampala, kila mmoja amefungua fomu yake, mnabishana kwa nini yeye anamhesabu mama aliyejifungulia njiani mahali fulani na wewe unamhesabu kwingine. Misimbo ya magonjwa nayo ni hivyohivyo. Malaria ya falsiparamu ni B50 kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo hiyo, na kwenye toleo jipya, ICD-11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, ni 1F40. Nchi hazihami kwa pamoja kutoka toleo moja kwenda jingine, kwa hiyo kuna miaka ambayo majirani wataandika ugonjwa uleule kwa misimbo tofauti. Sisi tumefundishwa ICD-10 kana kwamba hakuna kinachokuja.

Na usisahau mwaka 2023. Januari Uganda walitangaza mwisho wa Ebola. Machi, Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ikatangazwa Bukoba. Waliokutana na wagonjwa walipaswa kufuatiliwa siku 21, na ukanda huu watu wanalala nchi moja na kufanya biashara nchi nyingine. Huko ndiko tunakoenda kufanya kazi, Mkuu.

Hili nalo linaniuma: si jambo jipya ambalo chuo kingehitaji kulivumbua. Chama cha kimataifa cha fani yetu, IMIA, kilitoa mapendekezo ya namna ya kuifundisha mwaka 2000, kikayapitia upya mwaka 2010, ili mhitimu wa nchi moja aeleweke nchi nyingine. Vyuo vikuu vya Amsterdam, Heidelberg, Utah na vinginevyo vina ushirika wao uitwao IPHIE, unaokutanisha wanafunzi wa nchi tofauti kwenye tatizo moja. Wanajua kwamba ukisomea mifumo ya nchi yako peke yake utadhani kila kitu kilipangwa na Mungu. Ukiona wenzako wamepanga vingine, ndipo unapoanza kuuliza kipi kinamsaidia mgonjwa.

Nikupe mfano ambao ningependa tuuchambue kwenye hilo darasa. Finland na Estonia zimetenganishwa na ghuba, watu wanavuka kwa feri kati ya Helsinki na Tallinn kama sisi tunavyovuka kwenda Nansio. Januari 2019 walianza jambo ambalo Ulaya haikuwa imelifanya: Mfini aliyeandikiwa dawa kwao kwa njia ya kielektroniki aliweza kuingia famasi ya Estonia na kuzichukua kule, dawa ikasomeka, na taarifa ya kuchukuliwa kwake ikarudi Finland. Feri wanazo kama sisi, lakini feri peke yake haikutosha. Ilibidi wakubaliane jina la dawa linaandikwaje, mgonjwa anatambulishwa kwa namba ipi, nani anaruhusiwa kuona nini, na kosa likitokea ni la nani. Kila kimoja katika hivyo ndicho kilichokwama pale kisiwani mbele ya macho yangu. Nataka kuwauliza wanafunzi wa huko walianzia wapi. Nataka pia wao wajue kwamba huku kuna kituo kinachotegemea sola, intaneti inakatika mvua ikianza, na mfumo ni lazima uweze kuhifadhi taarifa mpaka mtandao urudi. Hayo nayo ni maarifa, na sisi ndio tunayo.

Maana naona kuna dhana kwamba tukiungana na wenzetu tutakwenda kupokea tu. Si kweli hata kihistoria. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret nchini Kenya, kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na kazi ile ikaja OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Eldoret, Mkuu. Basi la kwenda huko linapita mpakani hapo Sirari. Mambo ya dunia yameanzia jirani hapo, sisi tunaambiwa tungoje kutangaziwa.

Wenye kauli chuoni hawatuambii sababu, kwa hiyo tunakisia. Wako wanaosema fedha za mchango wetu zimeenda kwenye ukarabati wa jengo la utawala. Wako wanaosema walimu wanaogopa kuonekana hawajui mbele ya wenzao wa nje, na wako wanaosema chuo mwenza kimechoka kutuandikia barua pepe bila kujibiwa. Mimi naegemea hili la mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyofanyiwa mimi niliye ndani ya geti. Kama nakosea, nisahihishe hadharani, nitashukuru.

Wakati huo maisha yanatusubiri nje. Dada aliyenitangulia kwenye kozi hii anakaa kibanda cha miamala Buzuruga. Alikwenda kwenye usaili wa mradi mmoja, akaulizwa habari za HL7 na FHIR, namna mifumo miwili tofauti inavyopeana taarifa za mgonjwa. Hakuwahi kuzisikia darasani. Aliyepata kazi alisoma nje. Mama yangu kila nikienda nyumbani ananiuliza kama lile darasa la wazungu limeanza, ndivyo anavyoliita, nami kila mara namwambia bado. Mtumbwi umeanikwa kule mwaloni hauna injini. Anakodi ya watu, na kwa bei ya mafuta ya sasa akirudi na ndoo chache za dagaa, zote zinaishia kwa mwenye injini.

Sikuombi makubwa. Sitaki ndege wala hoteli. Kama Ulaya imeshindikana, tuanze na chuo kimoja cha Kampala au Kisumu. Kipindi kimoja kwa wiki, hata jioni. Tutatumia taarifa za mfano ambazo si za mgonjwa yeyote wa kweli. Bando tuko tayari kuchangishana tena, ingawa tulishalipa. Kompyuta zilizopo maabara zinatosha tukikaa wawiliwawili. Mwalimu mmoja wa kusimamia anatosha, na yuko kijana pale idarani ambaye amejitolea mara nyingi na anaijua DHIS2 kuliko sisi sote. Mpe ruhusa tu. Ukiona pia inafaa kutueleza mchango wetu ulifanya nini, tueleze. Ukiona haifai, hilo nitaliacha, lakini somo siliachi.

Wenzangu wameniambia nisiandike, kwamba nitatafutiwa sapu, yaani nifelishwe nirudie mtihani. Sitaki kuamini hivyo juu ya chuo changu. Ulipokuwa ukumbini ulisema milango yako iko wazi kwa kila mwanafunzi, nami nilikuamini wakati ule kama mama alivyokuamini.

Huu ndio muhula wangu wa mwisho. Ukipita, mimi na wenzangu tutatawanyika kwenye vituo vya Sengerema, Ukerewe, Rorya na Muleba, na kijana mwingine atatua na kadi yake kwenye nailoni akitukuta hatujui kama wale tuliowakuta. Tutajie tarehe ya kipindi cha kwanza, Mkuu. Iandike mwenyewe, uitie sahihi, iwe ndani ya muhula huu. Tarehe tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Taarifa za Afya
Mwanza