Mdogo wangu, meza dawa ya kichocho na uendelee kunyonyesha

Mdogo wangu mpendwa,

Vile vidonge vya prazikwanteli ulivyopewa zahanati, usivirudishe. Kama ndani ya boksi umekuta karatasi inayokataza kunyonyesha siku ya kumeza na saa 72 zinazofuata, hiyo ni tahadhari ya zamani ya watengenezaji. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani linashauri mama anayenyonyesha atibiwe na aendelee kunyonyesha. Dawa huingia kwenye maziwa, ni kweli, lakini ni kama robo ya kiwango kilichomo kwenye damu yako, na mwili huiondoa haraka. Kichocho chenyewe hakipiti kwenye maziwa. Ninachokiogopa mimi ni hizo siku tatu: matiti yajae yavimbe, na mtoto wa wiki tano akorogewe maziwa ya kopo kwa maji ya ziwa.

Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 anameza miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, kwa mara moja. Lakini pima uzito upya. Ule wa kwenye kadi ya kliniki ulikuwa na mimba ndani yake. Na kama umewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kabla hujameza.

Kula kwanza ushibe. Usitafune vidonge, ni vichungu mno na vitakutapisha. Vimeze kwa maji mengi. Mnyonyeshe mtoto kabla, umlaze, kisha umeze. Kwa saa chache unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota, hasa kama minyoo ya kichocho ni mingi mwilini, kwa hiyo siku hiyo usimbebe mgongoni kwenda mwaloni. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi zahanati wakuelekeze. Usijiongezee dozi mwenyewe.

Dawa hii haiui minyoo michanga. Ndiyo maana choo kipimwe tena baada ya wiki nne hadi sita, hata kama damu kwenye choo imekoma.

Halafu lile beseni la kumwogeshea mtoto. Maji yaliyochotwa ziwani asubuhi na kumwogeshea mtoto asubuhi hiyo hiyo bado yana vimelea hai vya kichocho, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Yachemshe, yapoe. Kuni zikikosekana, yaache siku mbili kamili kwenye pipa lenye mfuniko, bila kuongeza maji mapya juu yake. Vimelea vitakuwa vimekufa. Tenga pipa moja liwe la mtoto tu.