Nati Iliyodondoka Nürburgring

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Barua yako nimeipata, na utani wako wa nati nimeumeza. Kweli ilinidondokea, ikabiringika hadi chini ya lori, tukaisaka kwa tochi huku mwenye mali ametusimamia, mikono kiunoni. Ila kabla hujanicheka tena, sikiliza ya Nürburgring.

Ni Grand Prix ya Ujerumani, mbio za magari za ubingwa wa dunia, tarehe 4 Agosti 1957. Njia yenyewe karibu kilomita 23, inapanda na kushuka msituni, kona zaidi ya 150, nayo huzungukwa mara 22. Juan Manuel Fangio wa Ajentina, miaka 46, yumo kwenye Maserati 250F. Mahasimu wake ni vijana wawili wa Ferrari, Mike Hawthorn na Peter Collins. Huyo Collins ana miaka 25, mtoto wa kumzaa! Vijana wamejaza tangi pomoni ili wasisimame. Mzee kaanza na nusu tangi, gari jepesi, tairi laini, akijua katikati atasimama kuongeza petroli na kubadili tairi.

Akawaacha kama nusu dakika, akaingia kwa mafundi. Wewe na mimi tunajua kilichofuata. Nati ya gurudumu ikadondoka, ikajificha chini ya gari, fundi hana habari. Kuja kuipata, sekunde zimeteketea. Fangio alirudi barabarani akiwa nyuma yao kwa zaidi ya sekunde 40.

Ferrari wakaona kazi imekwisha. Tatizo ni urefu wa njia: enzi hizo dereva alipata habari kwa kibao ambacho timu ilimwonyesha kando ya njia, mara moja tu kwa mzunguko, yaani kila baada ya dakika tisa na ushee. Taarifa kwamba mzee anakuja iliwafikia ikiwa imeshachacha. Yeye kona alizozoea kuzipita kwa gia ndogo sasa anazipita kwa kubwa. Mwaka wa nyuma aliweka rekodi ya 9:41.6, siku hiyo akazunguka kwa 9:17.4. Hizo ni sekunde 24, bwana! Mzunguko wa 21 akampita Collins, kisha Hawthorn.

Akamaliza wa kwanza, Hawthorn nyuma yake kwa sekunde 3.6, Collins wa tatu, Luigi Musso wa nne, Stirling Moss na Vanwall yake wa tano. Fangio akawa bingwa wa dunia mara ya tano, na hakushinda tena Grand Prix ya ubingwa. Mwenyewe alisema hajawahi kuendesha vile, wala hataki kurudia. Maskini Collins, mwaka uliofuata alipata ajali njia hiyohiyo, akafariki.

Watu humsifu dereva, na ni haki yake. Mimi namuwaza yule fundi, usiku ule alilala vipi.

Tochi yangu uliyoazima, mpe dereva wa basi la Jumatano. Naihitaji, unajua kwa nini.

Wako wa gereji